Urefu wa Kamba ya Annonciata

Milango ya fundi Makarius ilijulikana kwa harufu kabla mgeni hajabisha hodi. Maseremala wengine wa Ilembo, pale mjini Mpanda, waliunganisha mbao wakatosheka. Yeye alichovya pamba katika mawese, akaishindilia kwa patasi butu katika kila upenyo, kama wafanyavyo waunda mashua wa Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika, alikozaliwa. Majirani walimtania kwamba siku Mpanda itakapofurika, wao watapanda milango yao na kuvuka salama hadi Kongo. Makarius alicheka pamoja nao, lakini mikono yake haikujifunza njia nyingine.

Ujanani alikuwa na mashua ya tanga aliyoiunda mwenyewe. Kisha akampenda Annonciata. Binti huyo alivushwa ziwa akiwa mtoto mdogo, jamaa zake walipoikimbia Burundi, na mama yake hakufika ng'ambo. Alilelewa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, mbali na maji, na alipoposwa alitaka jambo moja tu: mume asipande tena chombo maadamu yeye yu hai. Makarius aliahidi upesi, kama vijana waahidivyo. Akamwachia mashua rafiki yake Apolinari, akahamia Ilembo, akashika randa.

Hakulalamika hata mara moja. Ila kila asubuhi upepo ulipotoka mashariki alisimama uani, akaugeuzia shavu kuupima nguvu, ndipo akafungua karakana. Kwenye harusi za watoto wake alipoombwa nasaha, alisema maneno yale yale: tanga bila kamba ni shuka tu, litapepea na kupiga kelele, lakini halitafika popote. Watu walipiga makofi. Annonciata alimtazama tu.

Kiangazi hiki Apolinari alipiga simu. Mwanawe amenunua injini, na juma lijalo mlingoti wa mashua ile utang'olewa. Je, Makarius asingependa kuja kuiziba nyufa zake, walau iagwe kwa heshima? Makarius alijibu kwamba ana kazi nyingi. Alipokata simu aliketi juu ya ubao aliokuwa akiupiga randa, na jua likamkuta hapo hadi likahama.

Ni Annonciata aliyefunga mzigo. Alimwambia mumewe kwamba watakwenda wote wawili, na Makarius akaelewa kuwa anafuatana na mlinzi wake.

Walifika Ikola wakalala kwa Apolinari. Kulipokucha Makarius alikwisha kupiga magoti mchangani, pamba na mawese kando yake, akipapasa ubavu wa mashua mbao kwa mbao. Annonciata aliketi juu kabisa, walipokaa wanawake wanaoanika dagaa, mahali ambapo wimbi halifiki. Kazi ilipokwisha waliisukuma mashua majini. Apolinari akaruka ndani, akatweka tanga lililojaa viraka, akaita: "Panda, bwana. Au huko Mpanda wamekufanya mlango?"

Wanawake walicheka. Makarius alikuwa na maji magotini na mkono juu ya ukingo wa chombo.

"Nilikwisha kuahidi," alisema.

Upepo wa asubuhi ulikuwa ukishuka kutoka bara, mwema, wa kusukuma chombo nje. Aliugeuzia shavu. Kisha akauondoa mkono ukingoni.

Annonciata alikuwa ameona hayo uani kwake kila asubuhi, shavu lile lile, akijidanganya kwamba ni mazoea ya mzee. Alisimama, akashuka polepole, akaokota mchangani ncha ya kamba ya nanga iliyofungwa tezi, nyuma ya mashua.

"Shemeji, kamba hii ina urefu gani?"

Apolinari alimjibu kwamba ni ndefu, inafika pale maji yanapogeuka rangi.

Annonciata aliizungusha kiunoni, akaishika kwa mikono miwili. "Baba Donatille," alisema bila kumtazama mumewe, "nenda hadi itakapokaza."

Makarius alipanda. Tanga likajaa kwa mshindo mmoja, na mwili wake ukakumbuka mahali pa kukaa kabla hajapafikiria. Vibanda vya Ikola vikawa vidogo. Mbele, milima ya Kongo ilikaa kimya katika ukungu wake. Machozi yalimtoka yakakaushwa na upepo. Kisha kamba ikakaza, mashua ikatetemeka, ikivutwa na pande zote mbili.

Apolinari alimwuliza kwa sauti ndogo kama aifungue.

Makarius aliyatazama maji yaliyobadilika rangi, hatua moja tu mbele yao. Akainuka, akalishusha tanga kwa mikono yake mwenyewe, akalikunja bila haraka, kitambaa juu ya kitambaa.

Kule ufukweni wanawake waliacha dagaa zao wakaja kuvuta. Annonciata alikuwa wa mbele, akihesabu mvuto kwa Kirundi, na hakuona, au hakujali, kwamba maji yalikwisha kumfika magotini.