Pingamizi Ambalo Sikuliandika

Nilikuwa mtendaji wa kijiji nilichozaliwa, mashariki ya Tabora, pale reli na njia ya kale ya misafara zinapokaribiana. Wanaonifahamu watakwambia nilikuwa na vitu viwili vya kujivunia: mwandiko mzuri na mdomo. Mwandiko nilifundishwa shuleni kwa fimbo. Mdomo ni wangu mwenyewe, na ndio ulioniletea aibu ninayoisimulia hapa.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mama mmoja wa Kigogo. Mumewe, Mgogo pia, alikuja zamani kufanya kazi ya reli, wale wa kukaza mataruma chini ya reli, akastaafu na kujenga kijijini. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za babu zetu wapagazi, waliokuwa wakikatiza Ugogo na mizigo mabegani wakiomba maji. Kwa hiyo mimi na mama yule hatukuwahi kusalimiana kama watu wengine. Ana umri wa mama yangu, lakini shikamoo haikupita kati yetu hata siku moja. Mimi nilimwita ombaomba, kama Wagogo wanavyotaniwa, yeye aliniita mpagazi, na siku iliyopita bila kutukanana tuliiona imepungua kitu.

Mumewe alipofariki nilifanya kazi ya mtani. Kaburi lilipokwisha kuchimbwa nyuma ya nyumba yao, niliruka ndani, nikalala chali, nikatangaza kwamba hazikwi mtu hapa mpaka nipewe jogoo. Waombolezaji walicheka huku wakifuta machozi. Mama mwenyewe aliniletea huyo jogoo. "Toka humo, mpagazi," alisema, "unamchafulia mwenzio kitanda." Nikatoka. Kaburi halikujengewa saruji. Mama alibeba kokoto za reli kwa kikapu, safari nyingi, akalizungushia pembeni, na mwarobaini ukaota upande wa kichwani.

Miaka ikapita, kisha ikaja barua kutoka wilayani. Njia kubwa ya umeme ilipendekezwa kupita kijijini kwetu. Tulitakiwa kuitisha mkutano, kusikiliza wananchi, kueleza kama kuna pingamizi, na kuorodhesha nyumba, miti na makaburi yaliyomo kwenye mkuza, yaani ule ukanda unaosafishwa chini ya nyaya. Kaburi lililoorodheshwa lingehamishwa kwa heshima, ndugu wakiwepo. Lisiloorodheshwa, kwa wenye mashine, halipo.

Halmashauri ya kijiji tulikaa wenyewe kwanza. Mpimaji mmoja alikuwa ametuambia wazi kwamba nyaya kubwa kama zile hazishuki vijijini, zinapita tu. Hakuna aliyetaka kusikia hilo. Tulishaona taa zinawaka kwenye vibaraza vyetu. Mwenyekiti alisema kijiji jirani kimeandika mapingamizi mpaka kikaonekana kikorofi, na kwamba yeye anataka muhtasari safi. Aliniangalia mimi alipotamka neno safi.

Mkutano wa kijiji ulifanyika mchana, uwanja wa shule. Wapimaji walikuwa wameshapita wakipaka alama nyekundu kwenye kuta na kwenye makaburi ya saruji. La yule mzee wa reli, lililozungukwa na kokoto tu na kufunikwa na majani, walilipita bila kuliona. Mimi nilikuwa nimefuatana nao. Nilidhani mjane wake atasema mwenyewe.

Na kweli alisema. Alisimama, akaanza kwa utani, kama alivyonizoea.

"Mwenyekiti, mwambie huyo mpagazi wako aandike kabla hajasinzia. Mume wangu yuko chini ya hizo nyaya zenu."

Watu wakacheka, wakanigeukia. Zamu ilikuwa yangu, na kwenye utani anayechelewa kujibu ameshindwa.

"Mzee wako kafanya kazi chini ya nyaya za simu za reli maisha yake yote," nilisema. "Mwache, pale ndipo atapata usingizi."

Uwanja ulilipuka. Mwenyekiti alifuta macho kwa kofia yake. Mama naye alicheka, lakini aliacha kabla ya wengine, akabaki amesimama, mkono umeinuka nusu.

"Lakini andika," alisema.

"Nitaandika ukileta jogoo."

Wakacheka tena. Akaketi. Nikauliza kama kuna pingamizi lingine, wala sikusubiri sana.

Kwenye mikutano yetu utani hauandikwi. Usipofuata desturi hiyo, muhtasari wa kijiji chenye watani hautaisha. Nilipokuwa nanakili, kalamu ilifika kwenye maneno ya mama yule ikasimama. Nilijua kabisa kwamba watani hupeana maneno mazito kwa njia hiyo hiyo ya kucheka, na kwamba mara ya pili hakutania. Hakuna aliyenilazimisha. Sikuwa hata na haraka. Nilijiambia kwamba utani hauandikwi, nikaandika: Wananchi wameridhia, hakuna pingamizi. Mwandiko ulitoka mzuri mno. Mwenyekiti akasaini, nikagonga muhuri.

Katapila lilikuja mama akiwa kwao Dodoma kwenye msiba wa dada yake. Mimi nilikuwepo. Nilisikia mngurumo wake kutoka ofisini, nikasikia na miti ikianguka upande ule wa nyumba yake. Ningeweza kutoka. Ofisi na pale ni mwendo wa kumaliza mhindi mmoja wa kuchoma. Nilifungua faili, nikajifanya kusoma.

Aliporudi hakunijia nyumbani. Alikuja ofisini, akakaa kwenye benchi na wenye shida wengine, akasubiri zamu yake. Nilimrushia neno kupitia mlangoni: "Ombaomba umerudi, umetuletea nini?" Akajisogeza tu kwenye benchi. Zamu yake ilipofika aliingia, akasimama mbele ya meza.

"Habari za kazi, mtendaji."

Hakuwahi kuniita mtendaji kabla ya hapo. Nikainuka kitini.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba."

Utani wetu ulikufa hapo, kwa maneno hayo mawili.

"Wewe ulilala mle," alisema. "Njoo unionyeshe."

Tulikwenda. Nyuma ya nyumba yake palikuwa peupe, udongo umegeuzwa, mwarobaini haupo, ua wa jikoni haupo. Kokoto za reli zilikuwa zimetapakaa huku na huku, nyingine zimezama. Nilihesabu hatua kutoka kona ya nyumba, nikafika mahali. Nikarudia, nikafika mahali pengine. Nilitafuta hata shina la ule mti, sikuona. Mama alikuwa amesimama na kikapu chake.

Ningeweza kusema sijui. Lakini nilishamnyima vya kutosha, na sikuweza kumtazama usoni nimnyime na hilo. Angalau ndivyo ninavyojitetea.

"Ni hapa," nilisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

"Basi lala, niweke mawe."

Nililala chali kwenye udongo wenye joto, mikono ubavuni. Aliokota kokoto moja moja, akazipanga kunizunguka, kuanzia miguuni. Majirani walikuja wakasimama kwenye kona ya nyumba. Ni watu walewale waliocheka msibani, na walewale waliocheka uwanja wa shule. Safari hii hakuna aliyecheka. Nililia, na nilishindwa hata kujifuta kwa kuogopa kuharibu mstari wake.

Nguzo zimesimama, nyaya zinapita juu yetu kwenda kwingine, na kijiji bado kinatumia vibatari na taa za jua. Mimi niliacha utendaji, nalima mpunga wangu. Kila Jumapili baada ya misa mama yule hufagia ndani ya yale mawe na kumwagia maji ua alilopanda upande wa kichwani. Ninapopita namwamkia, naye huitikia vizuri tu. Sijamwambia kwamba nilibahatisha. Sijui kama mumewe yuko pale.