Mama Mbaabu Apeleka Pikapu Kukaguliwa

Marcella, ambaye sote hapa Githongo tunamwita Mama Mbaabu, alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na moja, na tangu siku hiyo hakutaka tena kuendeshwa na mtu. Saa sita mchana huondoka na ndizi za wachuuzi wa Maua, pikapu imeshindiliwa hadi juu, na hurudi gari likiwa tupu, giza limeshaingia.

Mwaka huu, tangu mvua za Aprili, akaanza kulalamika kwamba usiku haoni barabara. Mara mbili nusura aingie mtaroni. Kanisani tuliyaombea macho yake Jumapili tatu mfululizo. Mimi jirani yake hata nilifunga. Mwanawe Mbaabu hakungoja majibu ya maombi. Alitafuta dereva wa kuajiriwa aanze kazi Jumatatu, na mama mtu akakubali shingo upande.

Lilibaki jambo moja, ukaguzi. Gari la mkopo lina mabwana wengi. Serikali hutaka likaguliwe kila mwaka, na sacco iliyomkopesha pesa za kulinunua, ambayo jina lake liko kwenye logibuku, hati ya gari, pamoja na la Mama Mbaabu, hutaka nakala ya cheti, la sivyo gari linaegeshwa kwao.

"Nisindikize," aliniambia Ijumaa. "Ni safari yangu ya mwisho nikiwa dereva."

Nilimhurumia sana. Tukaenda hadi Meru mjini.

Kituoni mkaguzi, bwana mmoja wa Embu aitwaye Njuki, alipima breki, akatikisa magurudumu, kisha akaweka mashine yake mbele ya taa. Akaguna.

"Mama, hizi taa nani aliset?"

"Ni fundi wetu, Munyi. Hiyo Machi, siku alituongezea springi. Alikuja kwa shamba, gari ikiwa imepakiwa ndizi."

"Ikiwa na mzigo?"

"Si ndiyo kazi yake, kubeba mzigo?"

Njuki alicheka hadi akashika boneti. "Mama, ikijaa, nyuma inashuka, taa zinaangalia mbele. Ukishusha ndizi, hizo springi zinainua nyuma, taa zinaangalia chini. Sasa usiku ukirudi empty, unaona nini?"

Mama Mbaabu aliinama akazitazama taa. "Naona mita tatu hivi," akasema. "Nikajua ni macho."

"Hebu soma number plate ya ile lori, pale ng'ambo."

Aliisoma yote, herufi na tarakimu, bila kukosea. Mimi niliyevaa miwani sikuona hata lori lenyewe.

Fundi wa pale langoni alizitoa springi za ziada, akazinyanyua taa, Njuki akapima upya, na kufikia saa tisa tulikuwa na cheti. Nilidhani tutakimbilia sacco kabla hawajafunga. Mama Mbaabu aliketi kwenye usukani, akajifuta machozi kwa leso, akampigia mwanawe simu.

"Mbaabu, huyo dereva mwambie asikuje. Kwa hii gari niko mimi."