Tarumbeta wa Ishirini

Kama hujawahi kumwona mwanamke asiyepindika, basi hukumjua LaRue Jeppson, mpimaji ndege wa bwawa la Orson. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye kile kibanda cha ukaguzi langoni, na hakuna ndege wa mwindaji aliyepita mbele yake bila kugeuzwa tumbo na mgongo. Askofu wa kanisa lao alipotokeza siku moja na bata mmoja zaidi ya idadi iliyoruhusiwa, LaRue alimwandikia faini Jumamosi, na Jumapili akaenda kumsikiliza akihubiri, tena kiti cha mbele. Mumewe, Verl, alikuwa akijisifu popote anapokaa na watu: "Mke wangu hajui kusema uongo. Nikimuuliza kama nimenenepa, siku hiyo nalala na njaa."

Desemba ile baridi ilikuja na kisirani. Wiki tatu mfululizo bwawa zima liliganda, likabaki wazi pahala pamoja tu, pale maji ya chemchemi yanapoingia kutoka mferejini. Ndege wote wakabanana hapo. Na usidhani bata wa mwisho wa msimu ni mjinga! Ameshafyatuliwa risasi tangu Kanada. Anazunguka juu mara nne, akiona ndege bandia wa wawindaji hatikisiki, anakwenda zake. Wawindaji walitia filimbi zao za kuitia bata mifukoni wakakaa kimya kwenye matete, maana mwezi huo anayepuliza filimbi anawafukuzia wenzake.

Lakini kilichomkosesha LaRue usingizi si bata. Ni batamaji, wale weupe wakubwa wenye shingo ndefu. Wako wa namna mbili. Kuna mluzi, na hao ndio wengi, na kuna tarumbeta, mkubwa zaidi kidogo, ambaye zamani nusura aishe duniani. Wakiwa angani, kwenye ukungu, hata mzoefu hukosea. Kwa hiyo sheria ya Orson ilikuwa hivi: mwenye kibali anaua batamaji mmoja tu kwa msimu, kisha anamleta apimwe mdomo kuanzia tundu la pua hadi nchani. Chini ya milimita hamsini, huyo mluzi. Hamsini kwenda juu, tarumbeta. Wakifika tarumbeta ishirini, uwindaji wa batamaji unafungwa jioni hiyo hiyo kwa watu wote, umetumia kibali chako hukutumia. Ijumaa ile ubao wa kibandani ulionyesha kumi na tisa.

Na Verl alikuwa hajatumia chake. Miaka saba aliingia kwenye kura ya vibali akakosa. Mwaka huu akapata, na Oktoba mapafu yakamlaza hospitali. Daktari alimvuta LaRue kando, akamwambia asipange mambo ya msimu ujao. Alipotoka, Verl alitaka jambo moja tu, batamaji wake. Utabiri ulisema Jumamosi upepo utageuka na ukungu utafunguka. Dell, jirani yao, alikuwa ameshaandaa mashua na kufunga mtungi wa oksijeni kwa kamba ndani yake. Msimu wenyewe ulikuwa unaisha Jumapili, na Verl hakuwahi kuwinda siku ya Bwana tangu azaliwe. Ikawa ni kesho Jumamosi, basi.

Saa kumi jioni mlango ulisukumwa, akaingia mwalimu mmoja wa sekondari, Garff, ndevu zimeganda barafu, amembeba batamaji kifuani kwa mikono miwili.

"Wa kwanza maishani mwangu, mama," alisema, meno yakigongana. "Alitokea kwenye ukungu, chini kabisa. Nilisikia mluzi, naapa."

"Usiape, weka mezani," alisema LaRue.

Dell alikuwa amekaa pembeni ya jiko, anakunywa chokoleti ya moto. Alimtazama yule ndege, akaweka kikombe chini. Ndege mwenyewe alikuwa kinda wa mwaka ule, manyoya bado ya kijivu, wale ambao kuwatambua kwa macho ni kubahatisha kabisa.

LaRue alivua glavu. Akachukua kile kipimo chake cha chuma chenye meno mawili, akabana tundu la pua, akateremsha hadi ncha, akasogeza uso karibu na kile kidirisha cha namba. Hamsini na nukta tatu.

Akafuta mdomo wa ndege kwa kitambaa, akapima tena. Hamsini na nukta mbili. Hata nusu milimita haifiki, jamani! Kucha ni nene kuliko hiyo.

"Dada LaRue," Dell alisema taratibu, "ndege huyo ameganda. Mdomo ukiganda si hurefuka?"

"Mdomo unaorefuka humu ni wako, Kaka Dell."

"Mimi nauliza tu."

"Hukuuliza."

Dell akainamisha kichwa. Mwalimu aliwatazama kwa zamu, haelewi. "Kuna ubaya, mama? Nimekosa?"

"Hujakosa kitu. Nyamaza kidogo."

Kile kidirisha kilikuwa kinamwelekea yeye peke yake. Arobaini na tisa ni neno jepesi, angelitamka na mwalimu angeshukuru, na Dell angeapa mpaka kaburini kwamba ameona kwa macho yake. Akamwona Verl amekaa mashuani, kofia imefunika masikio, anatazama juu. Alimtaka mtu yule awe na furaha kesho kuliko alivyotaka kitu chochote. Akapima mara ya tatu.

"Hamsini na nukta tatu," alisema kwa sauti. "Tarumbeta."

Dell aliinuka akatoka, wala hakufunga mlango. LaRue aliinua simu akaiarifu ofisi, akaandika ishirini ubaoni, kisha akatoka na tangazo la kufunga akaligongomea langoni. Msumari wa kwanza ulipinda.

Nyumbani alimkuta Verl jikoni. Suruali yake ndefu ya mpira, ile ya kuingilia majini, ya kuvaa mpaka kifuani, alikuwa ameitandaza juu ya meza ya kulia chakula, anaipaka gundi penye kitundu. Mrija wa oksijeni ulikuwa puani.

"Usinikemee kwa ajili ya meza," alisema akicheka. "Nitaifuta."

"Verl, wamefunga."

Akaendelea kupaka. "Nani kafunga nini?"

"Batamaji. Ameletwa wa ishirini."

Brashi ilisimama. Akauliza bila kugeuka, "Kiasi gani?"

"Hamsini na nukta tatu."

"Ulipima mara ngapi?"

"Tatu."

"Nani alikuwa anaona namba?"

"Mimi."

"Wewe tu?"

"Mimi tu."

Mashine ya oksijeni ilipumua kule pembeni. LaRue alisubiri atanie, kama alivyotania hospitalini, kama alivyotania siku ya mazishi ya mama yake mwenyewe. Akaomba moyoni atanie.

"Miaka arobaini nimewaringia watu kwamba mke wangu hajui kusema uongo," alisema Verl. "Leo, LaRue. Leo tu, ningependa ungejua."

Verl alifunika kopo la gundi, akaanza kuikunja ile suruali kuanzia miguuni, polepole, gundi bado mbichi. Alipofika magotini pumzi zikamwishia, akashika ukingo wa meza. LaRue, koti lake bado mwilini, akashika mguu wa pili akamalizia kuukunja.