Leso Niliyosema Iko Sandukuni

Hadi leo wanawake wa kilimani kwetu wakikutana nami njiani na vikapu vya chai mgongoni, hawaniulizi habari ya magoti yangu wala habari ya wajukuu. Wananiuliza, "Magokoro, ndama hajambo?" kisha wanaangalia pembeni wakiuma midomo, na si kwa sababu wanampenda ndama. Basi nimechoka kuchekwa vipande vipande. Afadhali niseme yote mimi mwenyewe, mcheke mara moja muende nyumbani.

Kwanza mjue habari ya daraja. Huku kwetu Nyamira, kati ya nyumba zetu na kituo cha chai, kuna mto mdogo, na daraja lake ni magogo mawili. Magogo, nimesema! Kukiwa na jua unavuka, kukiwa na mvua unaomba Mungu halafu unavuka. Mama Moraa aliteleza msimu wa mvua ndefu, chai yake ikaenda na maji, yeye akabaki na mguu uliovunjika, na watoto wa shule wanapita hapohapo kila asubuhi. Kwa hivyo tuliposikia mheshimiwa wa wadi yetu anakuja kufanya mkutano kwenye uwanja wa shule, kikundi chetu cha akina mama kilinichagua mimi nikaseme. Shule niliacha darasa la tatu, lakini mdomo haukuacha.

"Useme daraja tu," akanionya jirani yangu Kerubo, ambaye tumeolewa kilima hiki mwaka mmoja na ananijua kama anavyojua jiko lake. "Daraja, halafu ukae chini."

Ningemsikiliza, msingekuwa mnasikia haya.

Mheshimiwa alikuja na gambuti mpya za mpira miguuni, zinazong'aa, kijana wa watu, sauti tamu. Akasalimia, akauliza kama zile leso zake za kampeni tulizipata, zile za kijani zenye uso wake katikati akicheka. Tukapiga vigelegele (leso ni leso). Ilipofika zamu yangu nikaeleza daraja vizuri kabisa, na Mama Moraa akainua gongo lake watu walione. Hapo ndipo ningekaa. Lakini nilimwona anaandika kidogo tu kwenye karatasi, nikajiambia, huyu anahitaji sukari kidogo. Nikasema, "Na ile leso yako, mheshimiwa, mimi siivai ovyo kama hawa. Nimeiweka sandukuni pamoja na cheti changu cha ubatizo!"

Uwanja ukashangilia, na yeye akaweka kalamu chini.

"Mama," akasema, mkono kifuani, "hiyo lazima niione kwa macho yangu. Nikitoka hapa nakuja kwako kunywa chai, unioneshe, halafu wewe mwenyewe unipeleke kwenye hilo daraja."

Kila mtu akapiga makofi isipokuwa Kerubo. Kerubo alikuwa ananiangalia tu, maana yeye alijua leso iko wapi. Ilikuwa imevaliwa na ndama.

Msinihukumu! Ng'ombe wangu alizaa wakati wa baridi ile ya ukungu, ndama anatetemeka kama mtu mwenye malaria, na leso ile ilikuwa nzito na nzuri. Nikamfunga nayo tumboni, mafundo mawili juu ya mgongo, na uso wa mheshimiwa ukaangukia kwenye mbavu. Ndama akapona. Nani angefungua?

Nilikata njia katikati ya michai, mimi na magoti haya, nikafika nyumbani nikimwita mke wa mwanangu, "Kemunto! Mvue ndama nguo!"

Kemunto akahangaika na yale mafundo, lakini yalikuwa yamelowa mvua yakakauka yakalowa tena, yamekuwa mawe.

"Kata!" nikamwambia.

"Mama, nimkate mheshimiwa na kisu?"

"Basi mfiche kwenye migomba!" Kwa sababu tayari nilisikia magari yanapanda kilima.

Kerubo naye akafika akihema. Nikamsihi aniletee ya kwake. Akaruka ua, akarudi na leso ya kijani iliyokunjwa vizuri, inanuka sabuni, nikaiweka sandukuni juu ya cheti cha ubatizo bila kuikunjua. Miwani yangu ilikuwa kanisani tangu Sabato. Macho ya Kerubo ni mabaya kuliko yangu. Tulipeana mikono kama wezi waliofanikiwa.

Nilitegemea wageni watatu. Waliingia kumi na wawili, pamoja na mzee wa kijiji na msichana wa kupiga picha kwa simu. Maziwa hayakutosha chai, nikamnong'oneza Kemunto akamkamue ng'ombe kidogo. (Hilo nalo mliweke akilini.)

Mheshimiwa akakaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu, akala ndizi zangu za kuchemsha, akasifu. Halafu akasema, "Sasa mama, sanduku."

Nikalivuta kutoka chini ya kitanda kwa heshima kama mtu anayetoa sadaka. Nikainua leso juu kwa mikono miwili. Nikaikunjua.

Watu wakasogea kuona. Msichana wa picha akashusha simu. Mimi nikafikiri wameguswa moyo, hadi mzee wa kijiji alipokohoa akasema polepole, "Mama, huyo siye."

Alikuwa yule mwingine, mzee mwenye ndevu aliyegombea na mheshimiwa kiti hichohicho akashindwa. Kijani kilekile! Hawa watu hawangeweza kuchagua rangi tofauti? Kerubo akaangalia dari.

"Mama," akasema mheshimiwa, na sauti haikuwa tamu tena, "yangu iko wapi?"

Nikafungua mdomo. Uongo wa pili ulikuwa karibu kutoka. Lakini kule zizini ng'ombe alikuwa anakamuliwa, akaita mtoto wake, na mtoto akasikia huko kwenye migomba, akakata kamba. Njia fupi ya kwenda zizini inapita mlangoni kwangu. Akasimama hapo, miguu minne, akatuangalia sote, na ubavuni mheshimiwa anacheka kwa meno yote, ndama akivuta pumzi shavu linajaa, akitoa linaingia ndani. Kwenye paji la uso kulikuwa na samadi.

"Mama," akasema mheshimiwa. "Yule si mimi?"

Hakuna aliyecheka. Nikaona mguu wa Mama Moraa, nikaona wale watoto na vitabu vyao juu ya magogo, nikaona daraja letu linaondoka na gari la mheshimiwa kwa sababu ya mdomo wangu. Aibu ilinipanda hadi kwenye nywele. Halafu nikakumbuka kitu.

Kwetu Wakisii, mama na mtoto wana heshima kati yao, hawataniani, kuna maneno hayasemwi kabisa. Lakini nyanya, ndiye magokoro kwa lugha yetu, na mjukuu? Hao wameruhusiwa. Mjukuu hamkasirikii nyanya, na nyanya anamwambia lolote.

"Acha kuniita mama," nikamwambia. "Baba yako alitahiriwa pamoja na mwanangu wa kwanza. Walikaa nyumba moja mpaka wakapona, na uji wa wimbi waliokunywa niliupika mimi. Wewe ni mjukuu wangu."

Akamgeukia mzee wa kijiji. Mzee akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli. Hata mimi nilikuwa katika hilo kundi."

"Basi nisikie kama mjukuu," nikasema. "Nilikudanganya, na hiyo ni aibu yangu. Lakini tangu tukuchague, ni hiyo leso tu ya kwako iliyofanya kazi hapa. Mvua ikinyesha inamkinga ndama. Wewe mvua ikinyesha uko Nyamira mjini."

Kerubo akashika kichwa. Mheshimiwa akaniangalia, akaangalia ndama, akaangalia yule mwenye ndevu aliyelala juu ya meza karibu na ndizi. Nikaona mdomo wake unaanza kutetemeka pembeni.

"Magokoro," akasema, na ndiyo mara ya kwanza aliniita hivyo, "mpinzani wangu umemweka mezani, mimi umeniweka zizini!"

Nyumba ikalipuka. Mzee wa kijiji alicheka hadi akamwaga chai.

Tukaenda mtoni, ndama akitufuata. Mheshimiwa akapanda magogo kwa madaha, na katikati gambuti mpya zikaanza kuteleza, akasimama kama fundi aliyenyang'anywa ngazi. "Magokoro!" akaita. Mimi na magoti haya nikaenda nikamshika mkono, nikamvusha polepole kama mtoto wa chekechea. Yule msichana akaambiwa asipige picha. Nikamwambia, "Sasa mjukuu wangu, aibu tumegawana."

Mawe yaliletwa. Upande mmoja wa daraja umeshasimama, saruji kabisa. Upande wa pili bado, na kila nikimwona namkumbusha, na hawezi kukasirika, alijifunga mwenyewe aliponiita Magokoro. Leso nyingine aliniletea, na hiyo iko sandukuni kweli, njoni muone. Lakini sitajisifu tena mbele ya mwanasiasa hata nikiwa na haki, na uongo nimewaachia wenye kazi yake.

Na nyinyi mnaoniuliza njiani: ndama hajambo. Amenenepa, leso imeanza kupasuka mafundoni, na asubuhi anasimama pale mtoni na uso wa mheshimiwa ubavuni, anangoja upande wa pili kama sisi.