Zawadi za Fernande kwa Mjukuu Asiyecheza

Fernande Cyr alipikia watoto wa shule ya mji wetu kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakupata mtoto aliyemshinda. Alimjua asiyekula karoti, alimjua asiyekula chakula kilichogusana na kingine kwenye sahani. Mtoto akija amenuna, Fernande alimtupia jicho mara moja tu, akajua kama ana njaa, ana homa au kapigana na mwenzake. Ndiyo maana jambo la mjukuu wake lilimchoma kupita kiasi.

Nilikuwa jirani yake, nyumba ya pili kutoka kwake, upande uleule wa mto. Mengi ya haya alinisimulia mwenyewe jikoni kwake, akinigeuzia ploye motomoto kwenye kikaango, zile chapati nyembamba zenye vitundu ambazo kule kwenye bonde la mto wetu haipiti siku bila kuliwa.

Alikuwa na mwana mmoja tu, Réal, dereva wa malori ya magogo. Asubuhi moja ya mwezi Machi, barafu ya barabarani ikiwa imeanza kulowa juu na chini bado ngumu, lori lake liliteleza kwenye mteremko wa njia ya msituni likapinduka, na magogo yakamwangukia. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Aliacha mke, Danika, na mtoto wa miezi saba aitwaye Emery.

Danika alivumilia pale kwetu mwaka na nusu. Kisha akapata kazi mji wa Bangor, mwendo wa zaidi ya saa tatu kwa gari, na huko akaolewa na mtu mpole aitwaye Todd. Fernande hakumlaumu.

"Mwanamke wa umri ule hawezi kukaa akilinda kaburi," aliniambia. "Ila kaondoka na kitu changu cha mwisho."

Tangu hapo alimwona mtoto mara tatu kwa mwaka: Krismasi, Pasaka, na siku yake ya kuzaliwa mwezi Agosti. Matumaini yake yote akayaweka kwenye zawadi. Alinieleza alivyowaza. Mtoto mdogo hawezi kumkumbuka mtu anayemwona mara tatu kwa mwaka, lakini kitu kikikaa naye chumbani atakizoea, na siku moja atauliza kimetoka wapi. Ataambiwa, kwa Meme. Ndivyo wajukuu wa bonde lile wanavyowaita bibi zao.

Krismasi ya kwanza alimpelekea lori la mbao lenye magogo madogo ya kupakia na kupakua. Alikuwa amemtafuta mzee mmoja fundi seremala alichonge, akamwambia alipake rangi ya kijani kama lile la Réal. Emery alichukua gogo moja, akalinusa, akalirudisha mahali pake, akaenda kusimama dirishani. Danika akacheka kwa aibu, akasema mtoto kachoka. Pasaka Fernande alikwenda na mnyama wa kuchezea wa manyoya, aliye mkubwa kuliko mtoto mwenyewe. Emery alimzunguka kama mtu anavyozunguka kiti. Agosti, alipotimiza miaka mitatu, ikawa treni yenye reli zake na daraja. Todd alizunguka mkeka mzima kwa magoti akiziunganisha, na treni ilipoanza kukimbia, mtoto alipita katikati yake na reli zikatawanyika. Hakuwa na hasira. Alikuwa akielekea upande mwingine tu.

Fernande akaanza kuomba ushauri. Mwenzake wa jikoni, Lorette, alikuwa na wajukuu tisa na ulimi usiolala.

"Nisaidie, Lorette," alimwambia wakimenya viazi. "Wewe unao tisa."

"Wangu wanacheza hata na mwiko. Juzi mmoja kavaa sufuria yangu kichwani, tukaitoa kwa siagi."

"Wangu hachezi."

"Hakuna mtoto asiyecheza, wewe. Umemnunulia vya rahisi, bahili mkubwa."

"Ile treni imekula mshahara wangu wa wiki nzima."

"Basi umemnunulia vya ghali. Watoto hawataki vya ghali, wanataka vya jirani."

Walicheka wote wawili, na Fernande alicheka zaidi, mpaka Lorette akaona kwamba kicheko kimegeuka kitu kingine. Akaivuta ndoo ya viazi upande wake mwenyewe, akamenya vilivyobaki peke yake.

Kabla ya Krismasi iliyofuata Fernande aliingia kwenye duka pekee la mji wetu lililouza vitu vya watoto. Mwenye duka, Pinette, alikuwa mtu wa subira.

"Ana umri gani, bibie?"

"Mitatu na nusu."

"Hao ni wa dinosaria."

"Hapendi."

"Magari?"

"Hapendi."

"Vitabu vyenye picha? Rangi? Mpira?"

"Hapana."

"Haya, tuanzie upande wa pili. Anapenda nini?"

Fernande alisimama pale mkoba mkononi, na watu wawili nyuma yake wakisubiri zamu. Alimjua kila mtoto wa mji ule anakula nini na anaogopa nini, lakini damu yake mwenyewe hakuwa na neno moja la kuisemea. Alinunua sweta, akatoka.

Ilipofika Pasaka alikwenda na nia nyingine. Alijiambia: safari hii simpi kitu, namtazama tu. Akakaa kochini tangu asubuhi na kikombe cha kahawa kikapoa mkononi. Akaona. Emery alikuwa akienda kwenye mlango wa bafu, analisukuma komeo, analivuta, anasikiliza likigonga, analisukuma tena. Saa nzima. Akitoka hapo anakwenda kwenye kabati la jikoni, analifungua na kulifunga akitazama bawaba zinavyokunjuka, midomo imeachama kidogo.

Alirudi kwetu akiwa mtu mwingine. Alinipungia mkono kabla hata hajashuka garini.

"Nimempata," aliniambia. "Nimempata, jirani."

Karakana ya Réal ilikuwa nyuma ya nyumba, na tangu mazishi hakuna aliyeifungua. Mwezi Mei Fernande aliifungua. Nilimsaidia kufagia vinyesi vya panya, basi, mengine alikataa. Alichukua ubao mpana wa msonobari, akaupiga msasa jioni baada ya jioni mpaka ukawa laini kama shavu. Kwa keekee ya mwanawe alitoboa matundu, na kwa bisibisi ya mwanawe akakaza bawaba za shaba, makomeo ya namna tano, ndoano, mnyororo wa mlango, kitasa na ufunguo wake, swichi mbili za taa, na vilango vidogo vitatu visivyofunguka kwenda popote. Alikuwa akijichoma vidole, akivinyonya, na kuendelea. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile tangu Réal afe.

Agosti akaupeleka. Emery alikuwa anatimiza miaka minne. Walipoondoa karatasi, mtoto alisimama akautazama, kisha akaketi mbele yake kama mtu aliyefika kwao. Alilisukuma komeo la kwanza. Akalivuta. Akahamia la pili. Danika aliziba mdomo kwa kiganja. Todd akasema taratibu, "Meme, hajawahi kukaa hivi."

Fernande aliketi chini kando yake, goti kwa goti. Alingoja kwa muda mrefu. Halafu, kwa kuwa mtoto hakuwa ameigundua ile ndoano, akanyoosha mkono amwonyeshe inavyoingia. Emery aliushika mkono ule kwa vidole viwili, akauondoa juu ya ubao kama unavyoondoa jani lililoangukia mezani, akaendelea. Hakutazama ni mkono wa nani.

Keki ilikatwa, hakuja. Saa ya kuaga ilipofika mama yake alimwambia, "Emery, mpungie Meme mkono." Komeo likagonga. Likagonga tena. Fernande aliinama akambusu utosini, na mtoto akakisogeza kichwa kidogo ili apate kuona kitasa.

"Lakini ubao umempendeza," nilimwambia aliporudi.

"Umempendeza," alisema.

Wiki tatu baadaye Danika alipiga simu. Ilikuwa majira ya kuvuna viazi. Shule ilikuwa imefungwa ili watoto wakavune, na Fernande alikuwa nyumbani. Nilikuwa pale, nikafanya kama sisikii.

"Meme, ubao tumeutoa," Danika alisema. Sauti yake ilisikika mpaka nilipoketi. "Alikuwa hali wala halali. Tukimwondoa anajigonga kichwa sakafuni. Daktari kasema tuuweke mbali kwanza."

"Daktari gani?"

Danika akaeleza. Walikuwa wakimpeleka kliniki tangu majira ya baridi. Walikuwa wameambiwa jina la hali aliyo nayo mtoto, wakaambiwa kwamba huenda ataongea na huenda asiongee, na kwamba atakwenda kwa mwendo wake.

"Tangu majira ya baridi," Fernande alisema. "Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Kila ukija unabeba boksi, na uso wako..."

"Uso wangu una nini?"

"Unasubiri, Meme. Unasubiri kitu kutoka kwake, na mimi siwezi kuutazama." Danika alikuwa analia sasa. "Usilete tena chochote. Njoo wewe tu."

Fernande alisema sawa, binti yangu. Akaweka simu chini, akaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Mimi nimekulia kwingine, na kwetu husemwa mkono mtupu haulambwi. Sikumwambia, ila naamini maneno hayo ndiyo aliyokuwa akiyawaza kwa lugha yake.

Krismasi alikwenda mikono mitupu. Hata peremende hakubeba. Alikaa sakafuni ukumbini, Todd akamletea mto wa kukalia, Danika akamletea supu. Emery alikuwa na kazi zake kati ya bafu na jikoni, na kila alipokwenda alipita mbele ya bibi yake. Fernande alihesabu: mara kumi na nne. Alikuwa amejiambia asisubiri, akaulegeza uso, akatazama zulia, lakini mtu hawezi kuuamuru moyo wake ukae kama kiti. Mara moja tu mtoto alisimama karibu, na pumzi yake ikamfikia Fernande shingoni. Mtoto alikuwa akiitazama zipu ya sweta ya bibi yake. Kisha akaondoka.

Saa tisa theluji ikaanza kudondoka, naye akaaga. Njiani, mahali penye msitu pande zote mbili, alisimamisha gari pembeni akakaa humo mpaka kioo kikafunikwa kizima. Alinieleza kwamba hakulia. Alisema alikuwa anamtafuta Réal akilini, akumbuke kama naye utotoni alikuwa hivyo, na akagundua kwamba alichokumbuka ni lori la kijani tu, wala uso wake haukuja.

Pasaka hakwenda, alisema goti linamuuma. Mwezi Juni akaacha kazi, miaka miwili kabla ya wakati wake wa kustaafu. Lorette alimwandalia keki na mizaha mingi, na Fernande akaicheka yote.

"Agosti utakwenda?" nilimuuliza.

"Nitakwenda. Nitakaa chini tena. Sina kingine cha kumpa."

Alikwenda, akarudi siku ileile. Nilivuka uani nikamkuta anavunja mayai. Nikamuuliza habari za huko. Alisema alikaa chini kutwa, mtoto akipita mbele yake bila kumtazama; amekua, kamfikia hapa, akagusa kiunoni. Kisha akaniuliza kama nina chumvi, yake imekwisha.