Langalanga, Mvua na Mama Mkwe

Mkiwahi kupita Mabanga mkasikia watu wakisimulia habari za Mkikuyu mmoja wa Kitale aliyemkumbatia mama mkwe wake mbele ya wazee, tena akamwinua mpaka miguu ikaning'inia, msijisumbue kuuliza ni nani. Ni mimi. Nimekana mara nyingi, nimesema ni binamu yangu, nimesema ni jirani wa Matisi aliyehama, lakini leo nimechoka kudanganya, kwa hiyo chekeni tu, ila mnisikilize mpaka mwisho, kwa sababu kosa lenyewe lilianza dogo sana, lilianza na sikio moja.

Mnajua mimi ni mtu wa langalanga, yale magari mepesi ya mbio yanayolala chini barabarani na kulia kama nyuki waliochokozwa. Ugonjwa huu niliambukizwa na bosi wangu, mzee Harjit, Kalasinga mwenye duka la vipuri mjini Kitale, ambaye ameweka televisheni kule stoo katikati ya maboksi ya breki, na kila Jumamosi ya mashindano anafunga mlango nusu na sisi mashabiki wote wa langalanga wa Kitale tunajaa humo (tuko wanne, lakini stoo ni ndogo, kwa hiyo tunajaa kweli). Jumamosi huwa ni mchujo: kila dereva anatafuta muda wake, na atakayezunguka haraka kuliko wote ndiye anayeanza mbele Jumapili. Dereva wetu tunamwita Kijogoo kwa ajili ya kofia yake nyekundu, na Kijogoo huyu alikuwa hajawahi kuanza mbele hata siku moja. Tulimngoja msimu baada ya msimu, kama watu wanaongoja lami.

Upande wa pili wa maisha yangu kulikuwa na Nekesa. Nekesa anafundisha chekechea hapo Matisi, mtaa ninaokaa hapa Kitale, kwao ni Mabanga, na mimi nilimpenda mpaka nikajifunza kula mrenda, ile mboga yao ya kuteleza (wanaowajua watu wa kwetu wataelewa huo ni upendo wa kiwango gani). Baba yake alishafariki, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mama, na Nekesa hakunificha.

"Njoro, mama akisema hapana, ni hapana," aliniambia. "Mimi sitatoroka na mtu nimwache mama yangu akichekwa na kijiji."

Halafu akanifundisha adabu ya kwao. Kwa Wabukusu mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, hawali pamoja, na mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia kwa majani umpishe, mpaka siku wazee wenyewe watakapowapa ruhusa. Kwetu mama mkwe unamsalimia kwa mkono na chai unapewa hapo hapo, kwa hiyo Nekesa akaona heri anifanyishe mazoezi, yeye akawa mama, mimi nikawa mkwe, tukawa tunazunguka nje ya nyumba yangu namkwepa kila akikaribia, majirani wakidhani tumekosana.

"Umeshika sasa?" akauliza.

"Aii, Nekesa, hiyo hata mtoto anaweza."

Mzee Wafula, ndugu ya marehemu baba yake, ndiye aliyepanga siku ya sisi kwenda kujitambulisha, na siku aliyopanga ikaangukia Jumamosi ya mchujo. Sikulalamika. Nilipiga hesabu zangu nikaona wageni huchelewa, wenyeji huchelewa, maombi huchelewa, mpaka tuje kuketi na kuanza kuongea mchujo utakuwa umekwisha kitambo. Mzee Harjit alinikopesha pikapu yake, na wakati ananipa ufunguo akanipa na wazo (ndiyo sababu hadi leo nikimwangalia nashindwa kujua kama ni rafiki au ni adui).

"Wewe weka waya kwa sikio moja tu," akaniambia. "Mimi napiga simu, mimi nasema, wewe nasikia. Nani ataona?"

Hapo ndipo nilipopaswa kukataa. Badala yake nilipitisha waya wa simu ndani ya shati, nikautoa kwenye kola, nikautia sikio la kushoto, nikajiambia nitakaa na sikio hilo likitazama ukuta. Baba mdogo Kariuki, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wangu siku hiyo, sikumwambia kitu. Angenitoa sikio pamoja na waya.

Tulipofika tulikuta wameweka tenti uani, viti vimepangwa, wazee wamevaa makoti, na mama yuko kule jikoni, kile kijumba cha pembeni, mbali kabisa na mimi kama inavyotakiwa. Mzee Wafula akatupokea, mulembe, mulembe, karibuni. Mambo yote yalikuwa sawa. Halafu simu ikaita, nikapokea kwa kidole ndani ya mfuko, na sauti ya mzee Harjit ikaniingia sikioni.

"Njoro! Mvua! Huko kwa mbio ni mvua kubwa sana! Bendera nyekundu! Moja imeenda kwa ukuta, wote wamerudi ndani, wanangoja!"

Yaani wamesimamisha mchujo. Hesabu zangu zote zikaoga maji hapo hapo. Mtu mwenye akili angekata simu, lakini ninyi mnaofuata langalanga mnajua mvua ikinyesha kwenye mchujo ni nini: wakubwa wanateleza, wadogo wanapata nafasi, na kama kuna siku Kijogoo angeanza mbele ni siku ya namna hiyo. Kule stoo nikawasikia wenzangu wakibishana juu ya matairi, huyu anasema yatakauka, huyu anasema hayakauki, na mimi niko Mabanga natabasamu peke yangu mbele ya wazee ambao hawajasema jambo la kuchekesha.

Sasa, Mungu naye akaamua Mabanga isipitwe. Mawingu yalishuka, upepo ukainua tenti upande mmoja, na mvua ya mawe ikaanguka ile ya kumfukuza hata bata, tukakimbilia wote sebuleni, wazee, akina mama, watoto, viti juu ya vichwa. Tulibanana. Nilijikuta nimesimama nyuma kabisa karibu na mlango wa uani, na nikashukuru, kwa sababu hapo hakuna aliyeniona sikio.

Mzee Wafula akasema kwa vile tumekusanyika, tuombe. Tukafumba macho. Alianza kumshukuru Mungu kwa mvua, mvua ya mahindi, mvua ya maharagwe, mvua ya baraka, na kwenye sikio la kushoto mzee Harjit naye anaomba ikome.

"Imekoma, Njoro! Wametoka! Dakika kidogo tu imebaki!"

"Amina," nikasema, peke yangu, katikati ya sala. Baba mdogo Kariuki akafungua jicho moja.

"Njoro, sikia mimi. Wote wamevaa tairi ya mvua. Kijogoo amevaa kavu! Kavu kwa maji! Huyu kijana ni wazimu!"

Ukivaa matairi makavu, yale ya siku ya jua, kwenye barabara mbichi, ama unaruka mbele ya wote ama unajikuta ukutani, hakuna katikati. Mzee Wafula alikuwa amefika kwa marehemu wa ukoo, anawataja mmoja mmoja. Huku sikioni wanahesabu vipande vya barabara. Kipande cha kwanza, zambarau, maana yake hakuna aliyepita hapo haraka kama yeye. Kipande cha pili, zambarau tena. Sasa stoo nzima inapiga kelele, mzee Harjit ameacha Kiswahili anaongea lugha ya kwao, nami nimekunja ngumi, nimekaza meno, jasho linanitoka, mama mmoja aliyekuwa karibu (aliniambia baadaye) alidhani nimeshukiwa na Roho.

"Amepita mstari! Wa kwanza! Njoro, Kijogoo ni wa kwanza!"

Wenzangu, nieleweni, kule stoo tuna desturi. Jambo kubwa likitokea tunaruka na kumkumbatia aliye karibu, bila kuangalia ni nani, wakati mmoja mzee Harjit alimkumbatia mteja aliyekuja kununua plagi. Mwili wangu haukujua kwamba uko Mabanga. Niliruka nikapiga kelele "Ndiyooo!", nikageuka nyuma nikiwa bado nimefumba macho, nikamkuta mtu, nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote, nikamwinua juu, nikamzungusha.

Kilichofuata ni mlio wa bakuli. Halafu nikahisi mchuzi wa moto miguuni. Nikafungua macho, na uso uliokuwa mbele ya uso wangu, karibu kabisa, nauona hata leo nikilala, ulikuwa wa mama yake Nekesa.

Kumbe jikoni kulikuwa kunavuja. Mama wa watu alikuwa amepenya kwa ule mlango wa uani na bakuli la kuku aliyenichinjia mimi mgeni, akasimama kimya nyuma yangu akisubiri sala iishe, akijua mkwe mwenye adabu hawezi kugeuka. Nilimweka chini polepole, kama mtu anayerudisha yai. Alijifunika uso kwa kanga akatoka kwenye mvua.

Waya ulikuwa umechomoka, na simu yangu (ni ya bei rahisi, huwa inaamua mambo yake) ikaanza kupiga kelele kwa spika toka mfukoni, kila mtu akisikia: "Njoro! Wamefuta! Wamefuta muda wake! Ati alipita mbio kwa bendera ya manjano, pale lazima pole pole! Kijogoo anaanza mwisho! Njoro, uko?"

Nilikuwepo. Nilitamani nisiwepo, lakini nilikuwepo, na paja la kuku juu ya kiatu.

"Kijana," akasema Mzee Wafula, "hiri jambo umefanya, mimi tangu nizariwe sijariona."

Baba mdogo Kariuki alijaribu kuniombea msamaha, akaeleza kwamba ni mchezo wa magari, akagundua katikati kwamba maelezo yanazidi kuniharibia, akaketi. Wazee wakanitoa nje. Nikasimama chini ya paa matone yakinipiga shingoni, na toka jikoni nikasikia mtu analia, kilio cha kujizuia, na nikajua nimemvunjia heshima mama mjane ndani ya nyumba yake mwenyewe. Niliumia. Sijawahi kuumia vile.

Uamuzi ulikuja kupitia Mzee Wafula: siku hiyo haikuwako. Hatukuja. Kama tunataka kuja, tutaanza upya kabisa, na kondoo wa kusafisha lile jambo na blanketi ya mama, lakini kwanza mama mwenyewe aseme kama anataka tena kuniona katika boma lake. Tukaondoka bila kuonja hata mchuzi, ingawa mbwa wa pale alionekana ameridhika. Njia nzima hadi Kitale baba mdogo alisema sentensi moja tu: "Na mama yako alikuzaa na masikio mawili."

Nekesa aliporudi Matisi alikuja akasimama mlangoni, hakuingia.

"Mwambie mama yako nilimsikia akilia," nikamwambia, "na naomba msamaha."

"Si mama alikuwa analia," akasema. "Ni mimi."

Akageuka akaenda. Hapo ndipo nilipoacha kujichekesha, bana. Nilikaa kitandani na viatu, nikajiona mjinga wa kupewa cheti.

Zilipita wiki kadhaa kabla Mzee Wafula hajapiga simu kwamba mama amekubali tuje, na akasisitiza tuje Jumanne. Safari hii baba mdogo alinipokonya simu langoni akaitia kwenye koti lake. Nilikalishwa kiti cha uani, na mama akakaa kule chini ya paa la jiko, amenipa mgongo, na katikati yetu nyasi tupu ambapo gari lingeweza kugeuka. Nekesa alikuwa amesimama karibu na mama yake, ananiangalia kwa macho ambayo sikuweza kuyasoma. Mzee Wafula akawa anatembea, anachukua neno kule analeta huku.

"Mama anauriza," akasema, "ire gari urishangiria, mwishowe irishinda?"

Wazee wote wakanigeukia.

"Ilianza ya mwisho, mzee. Jumapili ikamaliza ya mwisho."

Akaenda, akarudi. "Anauriza, haijawahi kushinda?"

"Haijawahi."

Akaenda, akakaa huko kidogo, akarudi. "Anauriza, utaiacha?"

Nilimwona Nekesa ameshika mdomo. Nilijua jibu wanalotaka, na baba mdogo alikuwa ananikanyaga mguu nilitoe, lakini nilishachoka kuficha kitu katika boma lile. "Hapana, mzee," nikasema. "Nimejaribu, nashindwa. Siwezi kuiacha."

Mzee Wafula akatikisa kichwa, akavuka nyasi. Niliona mama akisema maneno marefu bila kugeuka. Niliona Nekesa akiinama ghafla, akijifunika uso kwa mikono. Mzee akarudi polepole (magoti yake, si kunitesa, ingawa sina hakika).

"Mama anasema hivi. Mtu ambaye hawezi kuacha gari inashindwa kira siku, hata mke hatamwacha. Msichana amekupa." Akakohoa. "Rakini anasema ukae mbari."

Nililia mbele ya wazee, na sioni haya kusema. Nilikaa mbali, nilikula kuku wangu mbali, na tangu siku hiyo nimeapa: Jumamosi ya mchujo siendi kwa watu, si harusi, si matanga, si hata kanisani. Nakaa stoo kwa mzee Harjit, na nikifurahi nakumbatia maboksi ya breki.