Shati la Blanchard

Bintu ni muuguzi wa kituo kidogo cha afya huko Bagira kwa mwaka wa kumi na tisa sasa, na hata wanaomzidi umri humwita Maman Bintu. Alipokuwa mdogo kule Luhwindja, shangazi yake alifukuzwa kijijini kwa kusingiziwa kuwa amemlisha mtu karuho, sumu ambayo watu husema hutiwa kwenye chakula kwa siri. Ndiyo maana Bintu humtazama mgonjwa kwanza, lawama azisikilize baadaye.

Asubuhi moja Carine aliingia amemwegemeza mumewe, Blanchard, begani. Upande wa pili Blanchard alishikwa na dada yake mkubwa, Françoise. Blanchard alikuwa akitiririkwa na jasho na mate, kifua kikimkoroma.

"Muke wake amemupatia karuho mu chai!" Françoise alipiga kelele. "Alilala muzima!"

Carine alilia, bado amemshikilia mumewe.

Bintu alimfunua mgonjwa macho. Mboni zilikuwa zimesinyaa kama ncha ya sindano, na shati lililolowa lilinuka dawa ya wadudu.

"Maman Carine, asubui alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa anapulizia tomati dawa. Pompi inavuja, inamumwangikia ku mugongo."

Bintu alivaa glavu, akalikata shati, akamwosha kwa maji na sabuni, huku akimdunga atropini, dawa ya kupinga sumu hiyo. Alisikiliza kifua, akamdunga tena, na tena, mpaka pumzi ikatulia. Ndipo akaliona bega la Carine, nalo limelowa.

"Na wewe unawe, binti yangu. Hii dawa inapita mu ngozi." Akamgeukia Françoise. "Vaa glavu, maman. Mumwangie maji."

Françoise alisita, jagi mkononi. Kisha akamimina polepole, akamsugua wifi yake bega, kiwiko, hadi vidoleni.

"Maji iko baridi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapana, yaya," Carine alimjibu, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa.

Blanchard alilazwa siku nne. Neno la kuomba radhi Françoise hakulitamka, lakini kila asubuhi alileta uji wa watu wawili, na kitenge chake kipya akamwachia Carine.

Siku ya kutoka, Bintu alimkataza Blanchard kuigusa ile pompi kabla haijatengenezwa.

"Na tomati zangu?" Blanchard aliuliza.

Wanawake wote watatu walimkemea kwa pamoja, kisha wakaangua kicheko.